Kesi Imekwisha, Karatasi Ziko Wapi?

Wasikilizaji, leo nataka tuzungumze habari ya kesi za madai zilizokwisha kuamuliwa: kesi za mashamba, mipaka, mirathi, madeni, fidia za ajali. Namna ya kushinda kesi tutawaachia mawakili. Langu ni lile linalofuata baada ya hukumu. Hakimu amesoma, watu wametoka nje, mmoja anacheka na mwingine amenuna, kila mtu amepanda gari kurudi kwao. Hukumu yenyewe, iliyotiwa sahihi, imebaki mahakamani ndani ya faili. Miaka inapita, wazee wanafariki, watoto wanakua, na siku moja mtu anaambiwa, "Lete nakala ya hukumu." Hapo ndipo safari inapoanza, na kwa watu wa mashambani ni safari ndefu kuliko inavyostahili.

Nitaichukua Kaunti ya Kwale kuwa mfano. Anayeijua Kwale kwa hoteli za Diani huenda asiifikirie kuwa ni mashambani. Lakini panda kutoka pwani uende Kinango, Ndavaya au Mwereni, ama shika njia ya kusini hadi Lunga Lunga karibu na mpaka wa Tanzania, uone watu wanavyoamka alfajiri kuwahi gari. Mahakama ziko Kwale mjini na Msambweni. Mtu wa huko akifika dirishani akaambiwa arudi wiki ijayo, amepoteza nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi shambani. Mara nyingi nauli yenyewe ni ya kukopa. Kwa mkazi wa mjini, "njoo wiki ijayo" ni usumbufu. Kwa mkazi wa Mwereni, maneno hayohayo yanaweza kuwa mwisho wa haki yake.

Karatasi hizo zina kazi gani? Nianze na ardhi, maana huku kwetu ndiyo inayotupeleka mahakamani zaidi. Mahakama ikiamua kwamba shamba ni lako, jina lako haliingii lenyewe katika daftari la ardhi. Msajili wa ardhi anataka nakala ya amri ya mahakama iliyothibitishwa, yaani yenye muhuri na sahihi ya mahakama. Bila hiyo, shamba litaendelea kuandikwa jina la mwingine hata kama kijiji kizima kinajua ulishinda. Na hukumu ina umri wake pia. Sheria ya Ukomo wa Muda, sura ya 22 ya sheria za Kenya, inasema hukumu haiwezi kutekelezwa baada ya miaka 12. Aliyeshinda mwaka 2012 akaiweka hukumu moyoni tu, bila kuitekeleza, amechelewa.

Kuna na lile la kesi kufufuliwa. Baba alishtakiwa na jirani kwa mpaka, akashinda. Baba hayupo, jirani naye hayupo. Watoto wa jirani wanafungua kesi mpya juu ya mpaka uleule. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 7, inakataza jambo lililokwisha kuamuliwa baina ya watu walewale, au wale wanaodai kupitia kwao, kusikilizwa tena. Ni kinga kubwa. Lakini kinga hiyo haithibitishwi kwa maneno ya mdomo. Hakimu atauliza: hukumu iko wapi? Ukisema "baba alituambia alishinda", hujathibitisha kitu. Ukitoa nakala yenye muhuri, kesi inaweza kuishia hapo.

Basi mtu anafunga safari. Anafika masjala, au rejistri kama wengi wanavyoiita, na swali la kwanza analoulizwa ni moja tu: nambari ya kesi? Hana. Anajua jina la baba, anamkumbuka hakimu kwa sura, anajua ilikuwa baada ya mvua za El Niño. Karani hawezi kupata faili kwa sura ya hakimu. Nimeona wazee waliokwisha kupangilia maneno yao yote njiani wakinyamaza mbele ya swali hilo.

Naomba nikae kidogo kwenye nambari hiyo, kwa sababu ndiyo ufunguo wa yote. Kesi ya zamani inatambulika kwa mambo manne: mahakama ilikofunguliwa, aina ya kesi, nambari, na mwaka wa kufunguliwa. Kwa mfano, kesi ya madai nambari 45 ya 2009, mahakama ya hakimu, Kwale. Mwaka huo ni wa kufungua, wala si wa hukumu. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anakumbuka siku ya hukumu, siku ya furaha au ya machozi. Kesi inaweza kuwa ilifunguliwa miaka sita kabla. Ukimpa karani mwaka wa hukumu, atapekua daftari ambalo kesi yako haimo, na atakuambia kwa haki kabisa kwamba haipo.

Daftari lenyewe mnalijua? Ni kitabu kikubwa cha jalada gumu, kinene, kurasa zimepigwa mistari. Kila kesi iliyofunguliwa iliandikwa humo kwa mkono, kwa mfuatano wa siku ya kufunguliwa: nambari, tarehe, jina la mdai, jina la mdaiwa, aina ya dai, na pembeni nafasi ya kuandika ilivyokwisha. Hakuna mpango wa alfabeti. Anayetafuta kwa jina hana budi kupitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Akiujua mwaka, ni kazi ya asubuhi moja. Asipoujua, ni kazi ya siku nyingi, na karani mwenye foleni dirishani hana siku nyingi za kukupa.

Kwa hiyo kabla ya kwenda, kaa na wazee mtafute mwaka. Kumbukumbu za wazee zina tarehe zake. Mtu akikwambia kesi ilianza mwaka wa vurugu za Likoni, hiyo ni 1997. Akisema ni baada ya mvua za El Niño, uko 1998. Akisema ilikuwa wakati wa kura ya Katiba mpya, hiyo ni 2010. Ukipata mwaka mmoja, mwambie karani akutazamie na wa kabla yake na wa baada yake. Mpe majina ya pande zote mbili, maana mdai ndiye anayetangulia kuandikwa, na huenda baba yako ndiye aliyeshtakiwa. Mpe na majina yote aliyojulikana nayo: Omar na Omari, Bakari na Abubakar, jina la kitambulisho na jina la mtaani. Karani wa zamani aliandika alivyosikia.

Nambari inaweza kupatikana pia nje ya mahakama. Hati ya kuitwa shaurini inayo. Risiti ya ada ya mahakama inayo. Barua ya wakili kwa mteja wake hubeba nambari ya kesi juu kabisa, na huenda mawakili waliopo bado wana mafaili yao. Kwa mirathi kuna Gazeti Rasmi la Kenya, linalotoka kila Ijumaa. Aliyeomba kusimamia mali ya marehemu mahakamani hutangazwa humo: jina la marehemu, tarehe ya kufariki, mahakama, na nambari ya shauri. Tangazo hilo huwapa watu siku 30 za kupinga. Matoleo ya zamani yanasomeka katika tovuti ya Kenya Law bila malipo, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina la babu yake. Kwa shamba, fanya utafutaji rasmi katika ofisi ya msajili wa ardhi. Ikiwa mahakama iliwahi kuweka zuio juu ya shamba hilo, zuio huandikwa katika daftari la ardhi, na mara nyingi pamoja na nambari ya kesi iliyolizaa.

Hiyo Kenya Law ni taasisi ya serikali inayochapisha hukumu za mahakama. Nyingi ni za Mahakama Kuu na zilizo juu yake, na za Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Usikate tamaa ukiwa na kesi ya hakimu. Kama ilikatiwa rufaa, hukumu ya rufaa hutaja nambari ya kesi ya chini, mara nyingi katika ukurasa wa kwanza.

Sasa, nambari unayo. Faili liko mahakama gani? Hapa kaunti za mashambani zina tatizo ambalo Nairobi hawalijui vizuri. Kwa miaka mingi mahakama kubwa zilikuwa mbali, na kesi zetu zilifuata mahakama. Mtu wa Kwale aliyekuwa na kesi kubwa ya ardhi alivuka feri ya Likoni kwenda Mombasa. Baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikafunguliwa Kwale, na kesi zilizokuwa zikiendelea zikahamishwa na kupewa nambari mpya. Ndiyo maana hukumu nyingi za Kwale zina nambari mbili: ya sasa, na chini yake maneno kwamba zamani ilikuwa kesi ya Mombasa nambari fulani. Zilizokwisha kabla ya hapo zilibaki zilikoamuliwa. Anayetafuta Kwale kesi iliyokwisha Mombasa anatafuta mahali pasipo pake. Ndugu zetu wa Lamu na Tana River wanayajua haya: kabla Mahakama Kuu haijafika Garsen, Mahakama Kuu iliyokuwa jirani yao ilikuwa Malindi.

Mirathi ina historia yake. Kabla ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hakimu aliruhusiwa kusikiliza mirathi ya mali isiyozidi shilingi 100,000. Shamba gani Kwale, katika miaka ya 2000, lilikuwa la shilingi 100,000? Kwa hiyo mirathi nyingi za wakati huo zilipelekwa Mahakama Kuu. Na kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika vijiji vya pwani ya Kwale, mirathi mara nyingi ilipitia kwa Kadhi. Mahakama ya Kadhi ina daftari lake na mafaili yake. Nimewajua watu waliohangaika kwa hakimu kwa miezi, kumbe shauri la marehemu lilikuwa kwa Kadhi, jengo lilelile, mlango wa pili. Hakuna aliyewauliza dini ya marehemu, nao hawakujua kwamba ni jambo la kutaja.

Halafu kuna mashauri ya ardhi yaliyoamuliwa na wazee. Sheria ya mwaka 1990 iliunda mabaraza ya migogoro ya ardhi. Wazee walikaa, wakasikiliza, wakaamua, na uamuzi wao ukapelekwa kwa hakimu ukapitishwa kuwa hukumu ya mahakama. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2011, lakini maamuzi yake yangali yana nguvu juu ya mashamba ya watu. Nakala yake itafute mahakamani, kwa sababu hukumu iliingizwa huko. Ukienda kwa chifu kumwuliza karatasi za baraza, pengine hatakuwa nazo. Na ikiwa mgogoro ulikuwa wa wakati wa upimaji, pale maafisa walipokuja kugawa na kuandika mashamba ya eneo zima, basi huenda haukufika mahakamani hata kidogo. Kumbukumbu za kamati, za mapingamizi na za rufaa kwa Waziri ziko chini ya idara ya upimaji na ugawaji wa ardhi. Uliza huko kwanza.

Umeijua mahakama, umeijua nambari. Andika barua. Nasema andika, hata kama karani ni jirani yako na mnasali msikiti mmoja. Ombi la mdomo halina tarehe. Barua ielekezwe kwa msimamizi wa mahakama hiyo, au kwa naibu msajili kama ni Mahakama Kuu. Iwe fupi: nambari ya kesi, majina ya pande zote, wewe ni nani, na unaomba nini. Hapo pa "unaomba nini" pana umuhimu, kwa sababu karatasi ni za aina mbalimbali. Kuna hukumu yenyewe, yenye sababu za hakimu. Kuna ile amri ya mwisho inayotokana na hukumu, ambayo mawakili huiita dikrii, na msajili wa ardhi hasa huitaka hiyo. Kuna mwenendo wa kesi, yaani maneno yote ya mashahidi na amri zote za siku hadi siku, ambao unahitajika kwa rufaa. Na kuna kukagua faili tu, kusoma bila kuchukua nakala. Ukiandika "naomba karatasi za kesi", utapewa kilicho karibu na mkono.

Peleka barua na nakala yake. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ondoka nayo. Karatasi hiyo yenye muhuri wa samawati ndiyo ushahidi wako kwamba uliomba, na siku uliyoomba. Lipa ada inayotajwa, udai risiti. Ada za mahakama zimewekwa kisheria na siku hizi hulipwa kwa njia ya simu, kwa hiyo hakuna sababu ya noti kupita juu ya meza. Anayekwambia faili litaonekana upesi ukitoa kitu kidogo anakuuzia kitu ambacho ni chako.

Nasema ni chako, na nitaeleza. Sheria ya Ushahidi, sura ya 80, inaziweka kumbukumbu za vitendo vya mahakama katika kundi la nyaraka za umma. Mwenye haki ya kuzikagua ana haki ya kupewa nakala iliyothibitishwa akilipa ada ya kisheria. Juu yake kuna Katiba. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 imeieleza haki hiyo kwa namna ambayo ningependa kila mzee wa kijiji aisikie. Inasema haki yako haipungui kwa sababu ya lengo lako la kutaka taarifa, wala kwa vile afisa anavyodhani kuhusu lengo hilo. Inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Inasema asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu, afisa amsaidie kuliwasilisha ombi lake. Mahakama zina kanuni zao na ada zao juu ya mafaili, na hizo lazima zifuatwe. Lakini roho ya sheria iko wazi: mwananchi mbele ya dirisha si mwombaji wa hisani.

Mipaka ipo, na ni ya haki. Kesi za watoto zinalindwa, na baadhi ya mashauri ya familia husikilizwa kwa faragha. Wewe ambaye si upande katika kesi unaweza kuombwa ueleze uhusiano wako nayo. Leta basi kinachoonyesha uhusiano: cheti cha kifo cha baba, barua ya chifu, hati ya usimamizi wa mirathi.

Kwa anayetaka kukata rufaa, kila siku ina hesabu. Kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu una siku 30. Siku ambazo mahakama ilizitumia kukutayarishia nakala hazihesabiwi, lakini ni lazima mahakama yenyewe izithibitishe kwa cheti. Kwenda Mahakama ya Rufaa, notisi ni ndani ya siku 14, na kabrasha la rufaa ndani ya siku 60 baada ya notisi. Huko nako siku za kungojea mwenendo wa kesi huondolewa, kwa sharti kwamba uliuomba kwa maandishi ndani ya siku 30 za hukumu na ukampelekea mpinzani wako nakala ya barua hiyo. Mnaona sasa kwa nini nilisisitiza muhuri? Mwenye kesi nzuri kabisa anaweza kufungiwa mlango kwa sababu aliomba mwenendo kwa mdomo, kwenye korido, kwa mtu aliyemwitikia kwa kichwa.

Na mwenendo huo huchelewa kwa sababu inayoeleweka. Kwa miaka mingi mahakimu wetu wameandika kwa mkono kila neno la shahidi. Shahidi anasema kwa Kiduruma, mkalimani anageuza, hakimu anaandika kwa Kiingereza, haraka, ukurasa juu ya ukurasa. Baadaye mpiga chapa anakaa na mwandiko huo akiusoma neno kwa neno, na asipouelewa lazima amfuate hakimu, ambaye pengine amehamishiwa kaunti nyingine. Siwalaumu wapiga chapa. Ninalaumu kwamba kazi hii imeachwa mikononi mwa watu wachache mno, hali rufaa za watu zinaingoja.

Lugha nayo. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, na mahakama za mahakimu zinaruhusiwa kukitumia. Lakini hukumu, karibu zote, huandikwa kwa Kiingereza. Mama anayepokea nakala baada ya miezi ya kungojea hawezi kuisoma, na anampa mtoto wa kidato cha pili amsomee maneno ambayo hata mwalimu wake yangemshinda. Hili linaniuma. Ninaona kila hukumu ya madai katika mahakama ya chini ingestahili kuambatana na ukurasa mmoja wa Kiswahili: nani alidai nini, mahakama imeamua nini, mwenye kushindwa afanye nini na kwa muda gani. Hakimu anayeweza kuandika kurasa 20 anaweza kuongeza huo mmoja.

Kuna siku utaambiwa faili halionekani. Usiondoke. Omba jibu hilo kwa maandishi. Omba watazame katika ghala la mafaili yaliyokwisha, maana yaliyo mezani ni yanayoendelea. Uliza kama lilipelekwa mahakama ya juu kwa rufaa, kwa sababu faili la chini huitwa juu na wakati mwingine hukaa huko. Likiwa limepotea kweli, mahakama inaweza kuamuru faili lijengwe upya kutokana na nakala zilizo kwa pande zote na kwa mawakili wao. Mwenye kutunza nakala nyumbani ndiye anayeokoa kesi siku hiyo. Na ukizungushwa, Mahakama ina ofisi yake ya Ombudsman inayopokea malalamiko ya wananchi, yakiwemo ya mafaili kupotea na huduma kuchelewa. Kila kituo cha mahakama pia kina kamati ya watumiaji wa mahakama. Kwa asiye na wakili, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa kwa sheria ya 2016, na shirika la Kituo cha Sheria lina ofisi Mombasa.

Mtaniambia, lakini siku hizi kesi zinafunguliwa kwa kompyuta. Ni kweli, na ni jambo jema. Ufunguaji wa kesi kwa mtandao ulianza Nairobi Julai 2020, wakati wa korona, na Machi 2024 ukapelekwa katika vituo vyote nchini. Kesi za mfumo huo mnaweza kuzitambua kwa herufi E iliyo mbele ya nambari. Mwenye kesi ya namna hiyo anaweza kuona nyaraka zake bila kupanda gari. Lakini ardhi ya Kwale haikuanza kugombaniwa mwaka 2020. Kesi zinazowasumbua watu wa mashambani leo ni za 1985, za 1994, za 2007, na hizo ziko katika madaftari niliyoyaeleza na katika mafaili yaliyofungwa kwa kamba.

Msimamo wangu ni huu. Kabla ya kuchapa kila faili la zamani katika kompyuta, kazi ambayo itachukua miaka, Mahakama ianze na madaftari peke yake. Kila kituo kipige picha kurasa za madaftari yake ya kesi za madai, majina yaingizwe katika orodha inayotafutika, ili mtu wa Ndavaya aandike jina la baba yake kwenye simu na kupata nambari, mwaka na kituo. Ni kazi ndogo ukilinganisha na faida yake. Vijana waliomaliza kidato cha nne wanaweza kuifanya wakisimamiwa. Ingepunguza foleni dirishani, na ingemnyima riziki dalali anayekaa nje ya mahakama akiuza habari ya mahali faili lilipo. Pili, kila masjala iwe na meza moja ya wananchi wasio na mawakili, na ukutani bango la Kiswahili lenye ada za kukagua, za nakala na za uthibitisho, kwa maandishi yanayosomeka kutoka mlangoni.

Wale walio katika kamati za watumiaji wa mahakama huko Kwale na kwingineko, nawaomba mlipeleke hili katika kikao kijacho. Nanyi wenye kesi, au mliorithi kesi: leo baada ya kipindi, waulizeni wazee wenu wangali hai, fungueni sanduku la karatasi, muandike mahali pamoja jina la mahakama, nambari na mwaka wa kesi, pamoja na majina ya pande zote. Kama hukumu ilitolewa na hamna nakala yake yenye muhuri, barua ya kuiomba iandikwe wiki hii.